Kijiko kimoja, kazi tatu

Nyama imelainika. Ugali umeshapakuliwa na kufunikwa. Mchuzi ndio bado: uko maji maji, unaizunguka nyama bila kuishika. Mkono unachukua pakiti ya unga wa mchuzi na kuunyunyiza moja kwa moja juu ya sufuria inayotokota. Kwa sekunde mbili tatu unga unaelea, kisha unazama. Mwiko unapopita chini unakutana na madonge ya ukubwa wa mbaazi, yanateleza hayashikiki. Lipasue moja kwa ncha ya kijiko. Ngozi ya nje ni laini na inang'aa. Ndani kuna unga mkavu wa manjano, vile vile ulivyotoka kiwandani.

Unga mkavu, katikati ya sufuria iliyojaa maji.

Donge hilo limenisumbua wiki kadhaa, kwa sababu pakiti ni ile ile kila mahali. Nyumba moja hutoa mchuzi unaowafanya watu waombe ugali wa kuongeza. Nyumba ya pili, kwa pakiti hiyo hiyo na nyama ya bucha lile lile, hutoa uji wenye chumvi. Tumezoea kusema ni mkono wa mpishi. Fulani ana mkono, fulani hana. Kadiri ninavyolitazama jambo hili ndivyo ninavyoona kwamba maneno hayo yanamwonea mpishi, na yanaficha mambo ambayo yeyote anaweza kuyajua na kuyafuata jioni hii hii.

## Ndani ya donge

Kinachofanya mchuzi uwe mzito ni wanga. Katika unga wa mchuzi wa Kenya, ule ambao wengi huuita Royco hata ukiwa wa kampuni nyingine, wanga huo kwa kawaida ni wa mahindi. Katika chembe za mchuzi za kopo zinazouzwa Uingereza, zile za kumwagia maji ya moto, mara nyingi ni wa viazi. Punje moja ya wanga ni ndogo kiasi kwamba jicho haliioni. Ikikutana na maji baridi hulowa tu na kukaa ilivyo. Maji yakifika nyuzijoto 60 na kitu, huanza kuyanywa, inavimba, na mwishowe inaachia wanga wake uyeyuke ndani ya maji yanayoizunguka. Hapo ndipo mchuzi unaposhika.

Sasa tupa kijiko cha unga kwenye maji yanayotokota. Punje za nje huvimba papo hapo na kushikamana kuwa utando kama gundi. Utando huo haupitishi maji. Punje za ndani zimefungiwa, na zitabaki mbichi hata ukichemsha nusu saa. Ukikoroga kwa nguvu unavunja donge moja kubwa kuwa madogo kumi, basi.

Dawa ni kuzitenganisha punje kabla hazijaona moto.

Kijiko kimoja cha mezani cha unga wa mchuzi, vijiko vinne vya mezani vya maji baridi, ndani ya kikombe. Koroga kwa uma mpaka pembe za chini za kikombe zisiwe na kitu kilichoganda. Punguza moto wa sufuria. Koroga kikombe mara ya pili kabla tu ya kumimina, kwa sababu wanga hutuama upesi. Ukimimina bila kukoroga, maji yenye viungo hutangulia na wanga hubaki umenata chini, nawe utadhani unga haukutosha. Mimina polepole huku mwiko ukizunguka hadi kwenye kitako cha sufuria, ongeza moto, na mchuzi ukianza kutokota tena uache dakika mbili au tatu.

Maji ya kikombe yawe baridi kweli. Wapo wanaochota upawa wa mchuzi wa moto wakauchanganye na unga kwenye kikombe, kwa nia njema ya kutopoteza ladha. Kikombe hutoka na donge moja kubwa.

Zile dakika mbili tatu nazo zina kazi. Wanga wa mahindi hushika sawasawa joto linapokaribia kiwango cha kuchemka, na kabla ya hapo mchuzi huacha ladha ya unga mbichi ulimini. Mombasa maji huchemka kwenye nyuzijoto 100. Nairobi, kwa sababu ya mwinuko wake, huchemka karibu na 94. Mchuzi wa Nairobi uvumilie dakika moja au mbili zaidi kabla hujasema haujashika. Papara ya hapo ndiyo inayoleta kijiko cha pili, na kijiko cha pili ndicho kinacholeta uji.

Madonge yakishatokea, usiyakimbize na mwiko. Toa nyama pembeni, pitisha mchuzi kwenye chujio ukiyaponda kwa mgongo wa kijiko, rudisha kila kitu motoni na uchemshe tena.

## Unga si chembe

Hapa ndipo watu waliozoea jiko moja hukwama wanapoingia jiko la pili.

Bisto, jina ambalo kwa Waingereza limekuwa karibu sawa na neno mchuzi, ilianza kuuzwa mwaka 1908 ikiwa unga. Unga huo ulikorogwa kwa maji baridi kwanza, kama tunavyofanya na unga wa mchuzi wetu. Chembe, zile za kumwagia maji ya moto na kukoroga tu, zilikuja mwaka 1979. Miaka sabini na moja imepita kati ya bidhaa hizo mbili, na kilichoongezwa hapo katikati ni mafuta.

Tazama chembe chache kwenye kiganja. Zinafanana na kahawa ya kopo, ila zina unato kidogo ukizisugua. Unato huo ni mafuta, kwa kawaida ya mawese, ambayo yamezipaka punje za wanga na kuzifunga pamoja. Maji ya moto yakimwagwa, mafuta yanayachelewesha kwa muda mfupi mno. Mafuta yanayeyuka, chembe inasambaratika, na kila punje inajikuta peke yake ndani ya maji kabla ya kuvimba. Kazi ambayo kikombe cha maji baridi hufanya kwa unga, mafuta yameifanya tayari kwa chembe.

Kipimo kinachoandikwa kwenye kopo ni gramu 20, yaani vijiko vinne vya chai vilivyojaa, kwa mililita 280 za maji yanayochemka. Kiasi hicho ni nusu painti ya Kiingereza. Chembe zitangulie kwenye jagi, maji yafuate, na mkono usisimame mpaka pawe laini. Jagi zito la kauri lililotoka kabatini siku ya baridi hunyonya joto jingi. Lisuuze kwa maji ya moto kwanza. Birika likiwa limezimwa dakika kumi zilizopita, lichemshe upya. Maji ya vuguvugu huacha mafuta nusu yameyeyuka nusu bado, na mchuzi unabaki mwepesi wenye vitone vya kahawia.

Kosa la upande wa pili ni kuzikoroga chembe kwa maji baridi, kwa mazoea ya unga. Hazitawanyiki. Zinakaa kama mchanga, na ukizipasha zinaanza kushikana.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kuuliza ukishika kopo usilolijua ni hili: ni unga au ni chembe? Sugua kidogo kati ya vidole. Kikavu na kinachopeperuka kama poda, maji baridi. Chenye unato na kinachovunjika, maji ya moto.

## Mchuzi wa kumwagia, mchuzi wa kupikia

Nilidhani tofauti inaishia kwenye maji. Haiishii hapo.

Mlo wa Jumapili wa Uingereza una nyama iliyookwa kavu, viazi vilivyookwa na mboga zilizochemshwa. Mchuzi huandaliwa pembeni na huletwa mezani ndani ya jagi, kila mtu amwagie sahani yake. Mpishi mwenye muda huutengeneza kwa mafuta na majimaji yaliyodondoka kwenye trei ya kuokea. Asiye na muda hufungua kopo. Kopo hilo linakutana na maji matupu tu, kwa hiyo linalazimika kuja na kila kitu: rangi, chumvi, ladha na uzito.

Jina Bisto lenyewe huelezwa kwamba limetokana na herufi za kwanza za maneno ya Kiingereza yenye maana hiyo hiyo: hutia rangi, hukoleza, hufanya mzito, vyote kwa pamoja.

Mchuzi wetu hauendi hivyo. Nyama huiva ndani yake. Pakiti inapofunguliwa, sufuria tayari ina kitunguu, nyanya, tangawizi, chumvi, mafuta na majimaji ya nyama yenyewe. Unga wa mchuzi wa Kenya unakuja na kazi zake tatu, uzito na chumvi na viungo, kwenye sufuria ambayo kazi mbili zimeshafanyika.

Hapa ndipo nilipoacha kuwalaumu wapishi.

Mtu anaonja: chumvi iko sawa, viungo viko sawa, ila mchuzi ni mwepesi. Anaongeza kijiko. Uzito unakuja, na chumvi inakuja nayo bila kuitwa. Jirani yake ana shida ya kinyume. Mchuzi wake umeshika vizuri lakini umepooza, naye anaongeza kijiko vile vile. Ladha inapanda kidogo, mchuzi unageuka uji. Wote wawili walihitaji kitu kimoja, pakiti ikawapa vitatu.

Unapotaka uzito tu, tumia wanga mtupu. Ule wa mahindi, mweupe na laini kama poda, unaouzwa kwenye boksi karibu na kastadi, hutosha kijiko kimoja cha mezani kwa kila mililita 250 za mchuzi, na hukorogwa kwa maji baridi kama kawaida. Unga wa ngano unahitaji mara mbili yake, na uchemke dakika tano hadi kumi ili ubichi uishe. Unga wa ugali usiuguse kwa kazi hii. Umesagwa kwa punje kubwa, utaacha chenga kwenye meno. Na kama sufuria ina viazi, huhitaji hata hivyo vyote: ponda vipande viwili vilivyoiva ukiviegemeza kwenye ukingo wa sufuria, koroga, subiri dakika tatu.

Unapotaka ladha tu, ongeza kitu kisicho na wanga. Mchuzi uliopooza mara nyingi hukosa chumvi kidogo sana au tone la ndimu, na kuinuka kwake ni kwa robo ya kijiko cha chai. Dania mbichi iliyokatwa dakika ya mwisho hufanya kazi kubwa kuliko kijiko kizima cha unga.

Njia ninayoiamini sasa kwa nusu kilo ya nyama na vikombe viwili vya maji ni kijiko kimoja cha chai kilichojaa cha unga wa mchuzi, kwa ajili ya ladha yake ambayo watu wameizoea na kuipenda, na kijiko kimoja cha mezani cha wanga mtupu kwa ajili ya uzito. Vyote viwili kwenye kikombe kimoja cha maji baridi. Chumvi ya mwanzo, ile ya kuchemshia nyama, iwe nusu ya ulivyozoea. Uonje ukishashika, ndipo uamue.

## Chumvi ihesabiwe

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku. Ni karibu kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, kwa chakula chote, tangu chai ya asubuhi.

Geuza pakiti. Viambato huandikwa kuanzia kilicho kingi kwa uzito, na kwenye unga wa mchuzi utaikuta chumvi karibu na mwanzo wa orodha. Kisha tafuta jedwali. Likisema, kwa mfano, kuna gramu 15 za chumvi katika kila gramu 100, basi gramu 20 ulizotia zina gramu 3. Gawanya kwa watu wanne: robo tatu ya gramu kwa kila mmoja, kabla ya chumvi uliyochemshia nyama, kabla ya chapati, kabla ya kachumbari. Pakiti nyingine hazitaji chumvi, zinataja sodiamu. Zidisha sodiamu kwa 2.5 upate chumvi. Miligramu 2,000 za sodiamu ndizo zile zile gramu 5 za chumvi kwa siku.

Hesabu hii inachukua dakika moja, na unaifanya mara moja tu kwa kila aina ya pakiti. Kwa nyumba yenye mtu wa presha, sioni kisingizio cha kutoifanya.

Kuhusu E621, ile chumvi ya ladha ambayo wengi tunaijua kwa jina la ajinomoto, nilikuwa na mashaka mengi kuliko yaliyostahili. Mkemia Mjapani Kikunae Ikeda aliitambua mwaka 1908, mwaka ule ule Bisto ilipoanza kuuzwa, akiitoa kwenye mwani wa kupikia supu. Kiini chake, glutameti, kiko pia kwenye nyanya iliyoiva na uyoga. Ina sodiamu asilimia 12 hivi. Chumvi ya mezani ina asilimia 39. Anayeogopa herufi E huku akijaza kijiko cha chumvi anaogopa kitu kisicho chenyewe.

Na mchuzi ukishazidi chumvi, kile kiazi kizima kinachotupwa ndani hakifyonzi chumvi peke yake. Kinanyonya maji ya chumvi, maji na chumvi kwa pamoja, kwa hiyo kinachobaki sufuriani kina ukali ule ule. Kinachosaidia ni kuongeza wingi usio na chumvi: maji, nyanya mbichi iliyosagwa au tui, kisha wanga mtupu wa kurudisha uzito.

## Kisichotoka kwenye pakiti

Kuna jaribio dogo. Chovya kijiko kwenye mchuzi ulioshikishwa kwa wanga, kisha pitisha kidole mgongoni mwa kijiko. Mfereji unabaki wazi, mchuzi haurudi. Umeshika. Sasa onja supu ya kongoro iliyochemka tangu alfajiri. Hiyo ni nyepesi kwenye kijiko, inatiririka, lakini ukishaimeza midomo inanatana.

Ni uzito wa aina mbili, na pakiti inauza mmoja tu.

Ule wa kongoro unatokana na mishipa, ngozi na mifupa, ambavyo vikichemka polepole kwa muda mrefu hutoa gelatini, ule ute unaonatisha midomo. Nyama ya mguu au ya shingo yenye mfupa hutoa kiasi chake baada ya saa moja na nusu hadi mbili kwenye moto mdogo, au dakika 40 hivi kwenye sufuria ya presha. Hakuna kijiko kinachoharakisha hilo. Unga wa mchuzi hauilainishi nyama hata chembe. Nyama ngumu ndani ya mchuzi mzito hubaki nyama ngumu.

Rangi nayo. Kahawia ya kwenye kopo la chembe ni rangi ya sukari iliyounguzwa kiwandani, E150c. Kahawia ya sufuriani ni ladha. Kausha vipande vya nyama kwa kitambaa safi, pasha mafuta vijiko viwili vya mezani mpaka yaanze kuchezacheza, weka vipande vichache kwa wakati mmoja na uviache bila kuvigusa dakika tatu kila upande. Ukijaza sufuria, nyama hutoa maji na kujichemsha, inakuwa ya kijivu. Ikishapata rangi itoe, punguza moto, kaanga vitunguu viwili dakika 12 hadi 15. Chini ya sufuria patakuwa na ukoko wa kahawia. Usiuoshe. Mwaga nusu kikombe cha maji, kwangua kwa mwiko, na uone maji yanavyobadilika rangi mbele ya macho yako. Hicho ndicho kitu ambacho kiwanda kilikuwa kikikiiga.

Najua gesi ina bei na mkaa una bei. Mtu anayeshuka kwenye matatu saa mbili usiku hana saa mbili za kuchemsha mguu wa ng'ombe, na sitamwambia anunue muda asio nao. Kwa jioni hiyo, nyama ya kusaga au maini yaliyokatwa membamba, kitunguu kilichokaangwa vizuri na kijiko cha chai cha unga hutoa chakula cha heshima ndani ya dakika 25. Kinachoniuma ni pakiti inapotumika kuficha nyama ambayo haijaiva, kwa sababu mchuzi mzito humfanya mpishi aamini kwamba kazi imekwisha.

## Tui na ndimu

Pwani mambo yanabadilika.

Mchuzi wa nazi una uzito wake tayari. Tui la pili, lile jepesi, ndilo la kuivishia samaki au kuku. Tui la kwanza, kasimile, huingia mwishoni kwenye moto mdogo na halichemshwi kwa nguvu, maana litakatika na mafuta yatajitenga. Kijiko kidogo cha wanga mtupu husaidia kulishika lisikatike. Chembe za kahawia humo sizishauri kabisa. Rangi inageuka ya tope, na ladha ya nyama ya kiwandani inaufunika ule utamu mwepesi wa nazi uliohangaikia kukuna.

Ndimu, ukwaju na siki vina tabia nyingine. Asidi ikichemka muda mrefu pamoja na wanga huukatakata, na mchuzi ulioshika saa moja iliyopita unalegea. Nyanya nyingi huleta hali hiyo hiyo, polepole zaidi. Basi panga hivi: nyanya zikaangwe mpaka mafuta yapande juu, wanga uingie baadaye, ukwaju au ndimu iingie moto ukishazimwa.

## Kesho yake

Mchuzi uliolala kwenye friji huamka kama jeli, na pembeni umetoa maji. Wanga uliopoa hujipanga upya na kuyasukuma maji nje. Haujaharibika. Uweke kwenye moto mdogo, ongeza vijiko viwili vitatu vya maji, koroga, na uchemke kabisa mpaka utoe mapovu katikati, si pembeni tu. Uliotoka kwenye jokofu la kugandisha hulia maji zaidi. Huo upige kidogo kwa mchapo wa mayai ukiwa wa moto.

Mchuzi mwingine huamka ukiwa maji matupu, na watu husema umeingiliwa. Sababu mojawapo ni kijiko cha kuonjea. Mate yana kimeng'enya kinachovunja wanga; kijiko kilichoingia mdomoni kikarudi sufuriani kinaacha kazi inayoendelea usiku kucha. Onja kwa kumwaga tone kutoka kwenye upawa hadi kijiko kingine.

Na usiuache mezani mpaka asubuhi. Mchuzi mzito hupoa taratibu, na vijidudu hupenda muda huo wa uvuguvugu. Ndani ya saa mbili uwe umeshaingia kwenye friji, kwenye chombo kipana na kifupi ili upoe upesi.

## Pakiti kwenye rafu

Rudi kwenye ile picha ya mwanzo: pakiti imeshikwa juu ya sufuria inayotokota. Hata kama unga ulioanguka ungekorogeka, mvuke umeshaingia mdomoni mwa pakiti. Kesho utakuta unga umeshikana kama udongo baada ya mvua. Zanzibar na Mombasa, ambako hewa yenyewe ina maji, pakiti iliyofunguliwa haikai wiki mbili bila kuganda ukiifunga kwa kukunja tu. Hamishia unga kwenye chupa yenye kifuniko cha kubana, uweke mbali na jiko, na utumie kijiko kikavu. Chembe zina adui wa pili, kwa kuwa zina mafuta: zikikaa muda mrefu karibu na joto huanza kunuka mafuta yaliyochacha. Nusa kabla ya kumwaga.

Soma pia yaliyoandikwa kwa herufi nzito kwenye orodha ya viambato: ni yale yanayowaletea baadhi ya watu mzio. Chembe nyingi zina ngano na soya, na wapo ambao ngano kidogo tu huwafanya waugue. Picha au jina la nyama mbele ya kopo hueleza ladha. Kopo moja la ladha ya ng'ombe halina nyama ndani kabisa, jingine lina dondoo la nyama au mafuta yake, na anayetafuta halali atajibiwa na orodha ya nyuma na alama yake.

Na kama kuna mtoto wa chini ya mwaka mmoja ndani ya nyumba, bakuli lake lijazwe kwanza. Nyama ikishalainika, kabla ya chumvi na kabla ya pakiti kufunguliwa, chota upawa mmoja wa supu, vipande viwili vya nyama na kimoja cha kiazi. Kiazi kikishapondwa humo ndani, mchuzi wake umeshashika.